Sauti Iliyotiwa Dar

Wajukuu zangu wanapenda tamthilia za ng'ambo zinazotafsiriwa. Mwanamke wa nchi za mbali analia kwa Kiswahili cha Dar es Salaam, mdomo wake umeshafungwa na sauti bado inaendelea. Wao hawaoni tabu. Mimi huinuka nikaenda zangu uani. Juzi mdogo wao alinifuata huko, akataka kujua kwa nini sipendi na hadithi yenyewe nzuri. Nikamwambia mama yule ana maneno yake mwenyewe, na hakuna aliyemuuliza kama anakubali kuvishwa mengine. Akacheka, akarudi ndani. Ninyi wa rika langu pengine hamtacheka, kwa hiyo nawaandikia ninyi. Niliishia darasa la saba na mkono wangu ni mzito, lakini jambo hili nimekaa nalo muda mrefu mno, na kila ninayemhadithia huniambia yamepita. Hayajapita.

Nililelewa Bagamoyo na bibi yangu, mama yake baba, katika nyumba ya mawe iliyokuwa ya babu zake. Chokaa ilikuwa imeanza kubanduka na sebuleni kulikuwa na harufu ya unyevu isiyoisha hata jua likiwaka vipi. Bibi alishona kofia za mkono. Alikaa barazani tangu asubuhi, sindano inaingia na kutoka, na kila apitaye akamwamkia. Mimi nilikaa nyuma ya mgongo wake. Nilikuwa mtoto wa haya, na sauti yangu ilikuwa ndogo kiasi kwamba mwalimu akiita majina nikaitika, hakunisikia, akaandika sikufika. Nilikuwa nimekaa mbele yake. Mwisho wa muhula Bibi aliitwa shuleni kuulizwa ninakoshinda.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu alikuwako seremala, Mzee Kombo. Sisi watoto tulimwita Babu Kombo. Bibi, ambaye alilingana naye kwa miaka, alimwita Kombo tu. Meza yake ya kazi ilikuwa nje chini ya kipaa cha makuti, na harufu ya mninga unaopigwa randa ilitufikia hadi kwetu. Kila asubuhi nikienda shule nilisimama mbele ya meza ile nikamwamkia. Watu wazima wengine huitikia wakiwa njiani, huitikia wakitafuna, wengine hukuitikia wameshakupa mgongo. Babu Kombo aliisimamisha randa, akaiweka mezani, akafuta mikono kwenye shuka aliyojifunga, akanitazama, ndipo akasema, "Marahaba, mjukuu wangu." Yote hayo kwa mtoto wa miaka tisa aliyenong'ona. Mimi nilidhani randa inamchosha, na kwamba salamu yangu inampa nafasi ya kupumzika. Siku nyingine nilirudi mara ya pili nikamwamkia tena ili apumzike zaidi.

Ilikuwa miaka ile ya kisomo. Mnakumbuka jinsi watu wazima walivyokuwa wakienda na ubao na chaki alasiri, na jinsi tulivyowacheka tukijificha. Ndipo wakaja watu wa sinema kutoka Dar es Salaam na Landrova yao. Mkuu wao alikuwa kijana wa miwani myeusi na suruali ya bugaluu, na watoto wakampa jina la Bwana Picha siku ileile. Walitaka kutengeneza filamu ya mzee anayejifunza kusoma. Walizunguka mji mzima wakitafuta mzee na mtoto. Asubuhi moja gari lilikuwa limesimama karibu na meza ya Babu Kombo, nami nikapita, nikaamkia, randa ikawekwa chini, nikaitikiwa. Bwana Picha akavua miwani. Alimwambia mwenzake kwamba hakuna haja ya kutafuta tena, hawa hawa wawili.

Hilo nataka lieleweke vizuri. Walituchukua kwa sababu ya ile shikamoo. Hawakuwa wameona kingine.

Hadithi yao ilikuwa fupi. Mtoto analeta barua kwa babu yake, barua imetoka kwa baba aliye kazini kwenye mashamba ya mkonge. Mzee hajui kusoma, anaona haya, anakwenda kisomoni, na mwisho anaisoma barua mwenyewe. Babu Kombo hakujua herufi hata moja wakati ule. Barua alipewa, akaambiwa ayapitishe macho na kucheza midomo. Mimi nilikuwa na maneno machache, la kwanza likiwa "Shikamoo, babu."

Siku ya kupiga picha Babu Kombo alivaa kanzu ya Idi, na Bibi alimpelekea kofia mpya, kitu ambacho sikuwahi kumwona akifanya. Tulirudia kile kipande cha mimi kuingia mlangoni mara nyingi. Mara jua limejificha, mara jogoo wa jirani amepita, na zaidi ni sauti yangu. Fundi wa kinasa sauti, mtu mnene mwenye vyombo masikioni, kila mara alitikisa kichwa kwamba hasikii kitu ila upepo wa baharini. Bwana Picha akaomba radhi kwa mzee kwa kumchosha. Babu Kombo akamwambia asiwe na wasiwasi, yeye hachoki. Kila nilipoingia na kuamkia aliitikia upya kabisa, kama hajaniona tangu jana. Jioni alikaa barazani kwa mwuza kahawa akawaambia watu, "Leo nimeamkiwa mara tisa, na zote zimeingia kwenye picha. Nikifa bado nitakuwa naamkiwa."

Walipokuwa wanafunga vyombo nilimsikia yule fundi akimwambia Bwana Picha kuwa sauti ya mtoto haikuingia, itabidi waitie Dar. Nikaogopa sana. Nilielewa hivi: sauti imeshanitoka, na kwenye kile kisanduku haikuingia, basi imepotelea njiani kwenye upepo, na mimi nitapelekwa Dar es Salaam nikatiwe nyingine, kama fundi baiskeli anavyotia upepo kwenye gurudumu. Nikaona kilichobaki nikitunze. Siku tatu sikufungua mdomo. Bibi alinipa tangawizi na asali, akanifukiza ubani, akamtuma mtu kwa mganga wa hospitali. Siku ya nne nilimwandikia kwenye daftari kwamba naogopa kwisha. Yeye hakujua kusoma herufi zetu, alisoma za Kiarabu tu, ikabidi nimnong'oneze. Alicheka hadi kofia aliyokuwa akiishona ikamwangukia mapajani.

Sasa nikifikiria naona sikukosea sana.

Filamu ililetwa baada ya mvua kwisha. Gari lao lilikuwa na safari ya kijiji cha Mkange jioni, kwa hiyo wakaionyesha asubuhi kwenye ukumbi, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Joto lilikuwa halisemeki. Jenereta lilinguruma nje na moshi wake wa petroli ukaingia ndani ukachanganyika na mafuta ya nazi na asumini za akina mama. Mji wote ulikuwamo. Bibi alikaa na wanawake upande wake, buibui jipya. Babu Kombo aliwekwa benchi la mbele, kanzu ileile, kofia ileile.

Nikajiona ukutani, mkubwa kama mlango. Nikajiona naingia na barua mkononi, nainamisha kichwa, midomo inafunguka. Sauti ikatoka, nzuri, kavu, ya mtoto aliyezoea kusemesha watu.

"Habari gani, ndugu?"

Na Babu Kombo wa ukutani, ambaye midomo yake niliijua, akaitikia kwa sauti ya mwanamume mwingine, "Salama, ndugu mdogo."

Vichwa viligeuka kututafuta. Halafu mwanamke mmoja akasonya, na vijana nyuma wakaangua kicheko. Mtoto wa mtaa wetu, tena aliyelelewa na bibi kama yule, akamwambia mtu wa umri ule habari gani! Filamu iliendelea lakini hakuna aliyeitazama. Nilimwona Babu Kombo akiinuka taratibu. Alipita mbele ya mwanga na kivuli chake kikatufunika sote wawili pale ukutani, mimi na yeye. Mlangoni alitafuta viatu vyake kwa mguu, akavivaa, akatoka.

Shuleni nilipata jina. Walioniona walisimama wima wakaninyooshea mkono, "Habari gani, Ndugu?" Wasichana wa darasa la juu waliniita Ndugu Mdogo hadi walipomaliza shule. Bibi naye alipata yake. Wanawake wa umri wake walipita barazani wakamwuliza kwa upole, upole ule mnaoujua, kama siku hizi ndivyo watoto wanavyofunzwa. Aliwajibu kwamba siyo sauti ya mtoto wake, ni ya kutiwa. Walimwitikia ndiyo, wakaendelea kutabasamu.

Lakini hayo yote ningeyavumilia. Kilichonikata ni asubuhi iliyofuata. Nilisimama mbele ya meza, nikaamkia. Babu Kombo aliitikia, maneno yote yalikuwamo. Ila randa haikusimama. Aliitikia huku randa inakwenda, maranda yanadondoka, macho yako kwenye mbao. Na kesho yake vivyo hivyo, na kesho kutwa.

Nilimuuliza Bibi kama amenikasirikia. Alishona mduara mzima kabla ya kujibu. Aliniambia kwamba mama yake Kombo aliletwa mjini na misafara kutoka bara, akiwa mtoto, na akawa mjakazi katika nyumba ya mtaa huu. Alichota maji ya nyumba kadhaa, pamoja na hii tuliyokuwamo. Siku hizo mtumwa hakuamkiwa. Yeye ndiye aliyeamkia, hata kama mbele yake ni mtoto.

"Aliniamkia mimi," Bibi alisema. "Nina miaka saba, yeye mtu mzima, mtungi kichwani, na Kombo amemshika nguo. Shikamoo, mwana. Nami nikaitikia. Hakuna aliyenikataza."

Bibi akauma uzi akaukata.

"Nyumba yetu imeshampita mama yule bila salamu. Sasa na mwanawe tumempita, tena mbele ya mji mzima."

Ndipo nikafahamu kwa nini randa ilikuwa ikiwekwa chini. Kumbe haikuwa uchovu.

Ikapita miezi. Babu Kombo alianza kwenda kisomoni, kweli safari hii, bila kupigwa picha. Nilimwona akipita alasiri na ubao kwapani, penseli yake ya kazi nyuma ya sikio kama kawaida. Sikumwelewa. Nilidhani angekichukia kila chenye harufu ya filamu ile.

Siku moja Landrova ikarudi. Bwana Picha alishuka mwenyewe, anacheka kabla hajafika. Alisimama mbele ya Bibi, akasema shikamoo bibi, akaitikiwa, akakaribishwa kahawa. Kisha akatoa habari. Filamu yetu ilikuwa imepelekwa kwenye tamasha la sinema katika nchi moja ya mbali, na huko wana tuzo wanayowapa watoto walioigiza vizuri kuliko wengine. Mwaka ule wamempa mtoto wa Bagamoyo. Nishani yenyewe alikuwa nayo kwenye kijaluba chenye kitambaa chekundu, akatuonyesha. Ilikuwa ya shaba, ina uso wa mtoto asiyefanana na mtoto yeyote. Ijumaa atakuja mgeni wa heshima kunivisha ukumbini, na mpiga picha wa gazeti atakuwapo.

Bibi aliigeuza nishani mkononi. Akauliza tuzo hii ni ya nini hasa. Kwetu kutuza tunakujua: mwimbaji akiimba vizuri ngomani au kwenye taarabu, watu huinuka wakamtuza, mwingine leso, mwingine noti akambandika kwenye paji la uso. Na anayetuzwa ni mwenye sauti. Hakuna aliyewahi kumtuza mtu kwa kufungua mdomo.

"Sasa hawa wa ng'ambo wametuza uso au wametuza sauti?" aliuliza.

Bwana Picha akasema wametuza uigizaji. Bibi akasema mtoto hakuigiza, alimwamkia mtu kama anavyomwamkia kila siku. Kama wanataka kumtuza, wamrudishie kwanza salamu yake. Bwana Picha akaeleza kwa adabu kwamba filamu ikishamalizika haifunguliwi, nakala zimeshasambaa. Tena, akasema, lile neno walilibadilisha huko Dar kwa makusudi. Nchi imebadilika, watu wote ni ndugu. Shikamoo ni salamu ya utumwa, watumwa ndio waliolazimishwa kuisema, na haifai mtoto wa leo aonekane akiisema kwenye filamu ya elimu.

"Na wewe uliposhuka garini hapa," Bibi aliuliza, "umeniambiaje?"

Kijana wa watu alikunywa kahawa iliyokuwa bado ya moto.

Hatukuwa tumemwona Babu Kombo. Alikuwa amesimama pembeni mwa baraza na ubao wake, akitoka kisomoni. Aliposema hakupandisha sauti.

"Anasema kweli, ilikuwa ya utumwa. Mama yangu aliisema maisha yake yote, akaisema kwa watoto. Marahaba hakuitikia hata siku moja, hakuwa na wa kumwitikia. Mimi nataka kuitikia. Wewe bwana umenifutia marahaba yangu ukaniwekea salama."

Bwana Picha aliinuka kumpisha akae. Hakuwa mtu mbaya, na sitaki mumwone hivyo. Alisema pole, mzee, akasema sikujua, na nadhani alikuwa anasema kweli. Lakini alipoondoka aliniachia karatasi yenye maneno ya kusema Ijumaa nikishavishwa: "Asanteni sana, ndugu zangu." Akaniomba nijizoeze kuyasema kwa nguvu.

Nilijizoeza. Nyuma ya nyumba kulikuwa na pipa la bati la maji ya mvua, tupu wakati ule. Niliingiza kichwa ndani, kwenye harufu ya kutu na ukungu, nikasema neno moja, si lile la kwenye karatasi. Pipa likanirudishia likiwa kubwa mara kumi. Nilishtuka kwamba ni langu. Nikarudia kutwa, siku nne, hadi koo likawaka. Watu baadaye walisema Bibi alinituma. Hakunituma. Bibi alinisikia kule nyuma, maana mtaa mzima ulinisikia, na hakuniuliza lolote. Aliniambia tu kwamba kwenda ukumbini au kutokwenda ni juu yangu.

Ijumaa asubuhi, nje ya ukumbi, msichana mmoja alishuka kwenye Landrova. Amevaa soksi nyeupe na viatu vyenye vifungo, nywele zimesukwa vizuri. Jina lake Tumaini, jirani yake Bwana Picha huko Dar es Salaam. Alinitazama kwa muda.

"Wewe ndiye uso?" akaniuliza.

Nilijua sauti ile kabla hajamaliza. Ilikuwa imekaa kinywani mwangu miezi yote ile.

"Na wewe ndiye sauti," nikasema.

Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Akaniambia alipewa karatasi akasoma, wakamnunulia soda, na hadithi yenyewe hakuambiwa. Akauliza kwa nini watoto wa pale wanamcheka kila akisema. Nilipomweleza alishika mdomo. "Mimi nyumbani hata dada yangu namwamkia," alisema. "Mama angenipiga."

Tukaingia. Mablanketi hayakuwapo safari hii, mwanga ulijaa. Mgeni wa heshima alihutubia kuhusu kisomo na sifa ya taifa. Jina langu likaitwa, nikapanda jukwaani, utepe ukapitishwa kichwani na ile shaba baridi ikanigusa kifuani. Mpiga picha akapiga goti. Bwana Picha akanisogezea kipaza sauti na kunikonyeza.

Nilimtafuta Babu Kombo. Hakuwekwa mbele siku hiyo, alikaa benchi la mwisho karibu na mlango, ubao wake mapajani. Nikafungua mdomo.

"Shikamoo, Babu Kombo."

Kipaza sauti kililia kwa mlio mkali, ukumbi ukageuka nyuma. Babu Kombo aliweka kiganja sikioni. Mtu yule anasikia msumari ukianguka kwenye maranda, hana ubovu wowote wa masikio.

"Sijasikia, mjukuu wangu. Sema tena."

Nikasema tena. Mgeni wa heshima alimtazama Bwana Picha, na Bwana Picha akakivuta kipaza sauti akakiweka mbali nami, akicheka kicheko cha kulazimisha. Babu Kombo bado alikuwa na kiganja sikioni.

"Hicho chombo sikitaki," alisema. "Sema wewe."

Nikavuta pumzi kama kwenye pipa, nikaisema mara ya tatu, bila chombo. Walioisikia sokoni waliniambia baadaye, na wengine huenda waliongeza chumvi, lakini nataka kuwaamini. Babu Kombo aliuweka ubao chini. Akafuta mikono kwenye kanzu, mikono iliyokuwa safi. Akasimama.

"Marahaba, mjukuu wangu. Marahaba."

Vigelegele vilitoka upande wa wanawake. Wa kwanza nilimjua kwa sauti, alikuwa Bibi. Tena aliinuka, yeye ambaye magoti yalimsumbua, akatembea mbele ya watu wote hadi benchi la mwisho, akamwita Mzee Kombo. Nilikuwa sijawahi kulisikia neno mzee likitoka kwake kwa mtu yule. Aliyomwambia baada ya hapo hayakutufikia.

Mgeni wa heshima aliambiwa kwamba ni furaha ya mtoto. Hakuna aliyenigombeza mbele za watu, ila Bwana Picha alipokuwa anapakia vyombo alininong'oneza kuwa nimemharibia siku. Nilimwamkia. Ilibidi aitikie. Nikauvua utepe pamoja na nishani nikampa Tumaini kupitia dirisha la gari, maana kwetu anatuzwa mwenye sauti, na sauti waliyoituza ilikuwa yake. Alikataa, nikamwangushia mapajani. Gari likaondoka nayo. Nimeulizwa mara nyingi kama sijuti. Nishani ya mtoto bora, wanasema, ungekuwa nayo mpaka leo, ungewaonyesha wajukuu. Sijuti hata chembe. Ningewaonyesha nini? Shaba ya habari gani?

Jumatatu asubuhi nilipita kwenye meza. Nikaamkia, kwa ile sauti yangu ndogo ya kila siku, maana ile kubwa ilikuwa na kazi moja tu. Randa ikasimama. Ikawekwa mezani. Mikono ikafutwa.

Baada ya wiki gazeti likaja kutoka Dar es Salaam. Babu Kombo alilinunua mwenyewe, akaniita nilipotoka shule. Katika ukurasa wa ndani nilikuwapo, utepe shingoni, mdomo umefunguka wote, mishipa ya shingo imesimama. Chini ya picha waliandika kwamba mshindi mdogo alisema, "Asanteni sana, ndugu zangu." Walikuwa wamenitia maneno tena. Machozi yakanitoka pale pale.

Babu Kombo aliniambia ninyamaze, nimshikie gazeti lisipeperuke. Aliliweka juu ya mbao aliyokuwa akiilainisha. Akachomoa penseli ya seremala nyuma ya sikio, ile pana nyekundu, akailamba ncha. Akapitisha kidole chini ya maneno yale, anatamka silabi moja moja hadi mwisho, na hakukosea hata moja. Kisha akayafuta kwa mstari mmoja ulionyooka, kama anapima mbao ya kukata. Juu yake akaandika, polepole kuliko ninavyoandika mimi haya, herufi kubwa zilizopinda, moja baada ya moja, SHIKAMOO. Alipumzika kidogo. Halafu pembeni, palipokuwa na nafasi nyeupe, akaandika jibu lake.